Ufunguo Ulioshonewa Mfukoni

Siku Lorne Flett alipomwona Paraska Hawryluk kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amekaa ndani ya pikapu isiyowaka, mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele kama mtu aliye safarini. Theluji ilikuwa imelifunika gari hadi katikati ya magurudumu. Ulikuwa mwezi wa Februari, na baridi ilikuwa ile inayozifanya mbao za nyumba zilie kama mtu anayepasua kuni. Mama alikuwa amevaa koti la kiume, buti za kiume na kofia ya manyoya ya kiume, amebakiza pua na macho.

Lorne alisimamisha gari lake uani akabaki amekaa kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake, akijikusanyia ujasiri wa kwenda kusalimia. Alikuwa fundi wa funguo. Duka hakuwa nalo. Gari lenyewe ndilo lililokuwa duka, na ndani yake mlikuwa na mashine ya kuchongea, jiliwa, tupa za kila namna, na funguo zisizochongwa zimening'inia ukutani kama dagaa kwenye uzi. Alizunguka mashamba yote ya kaskazini ya mji wa Dauphin, katika jimbo la Manitoba, kule ambako mtu akipoteza ufunguo hawezi kwenda kwa fundi, kwa sababu gari la kumpeleka kwa fundi ndilo hilo lisilowaka. Kazi hiyo ilimfaa. Shule aliiacha darasa la sita akamfuata baba yake msituni kukata miti, na huko msituni hakukuwa na mazungumzo mengi. Sasa alikuwa mtu mzima wa makamo, bado watu walimtia haya. Kitasa alikipenda kwa sababu hakimkodolei mtu macho.

Alitembea hadi kwenye pikapu, akagonga kioo kwa kidole kimoja. Mama akafungua mlango.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Umechelewa."

"Theluji, mama."

"Theluji ipo tangu Novemba. Hata mimi nimeiona." Akateremka, akampisha. "Haya, ingia. Ufunguo wa mlango ninao. Ninaoutaka ni wa kuwashia."

Pikapu zile za zamani zilikuwa na funguo mbili, wa mlango mbali na wa kuwashia mbali, na meno ya mmoja hayakufanana na ya mwingine hata kidogo. Lorne alijikuna kidevu. Akauliza swali ambalo huwauliza watu wote, maana nusu ya funguo zilizopotea huwa chini ya kiti.

"Mara ya mwisho ulikuwa wapi?"

"Sikukuambia umepotea. Najua uliko. Uko kwa mume wangu."

"Basi labda mzee akirudi..."

"Harudi. Amekufa."

Lorne akashika kofia yake kama anayetaka kuivua, akakumbuka baridi, akaiacha. Mama Paraska akamwonea huruma, akamwingiza jikoni, akamketisha karibu na jiko la kuni, akamweleza yote akiwa amesimama, maana hakuwa mtu wa kukaa kitako.

Mumewe, Onufry, alikuwa ametoka kanisani Januari, sikukuu ya kubariki maji, akiwa katika suti yake nzuri. Akaketi kwenye kiti kile pale, akasema viatu vinambana, akafa. Akina mama wa kanisa wakamwosha, wakamvika suti ile ile. Na kwa kina Paraska kulikuwa na jambo ambalo mama yake alilifanya, na bibi yake kabla yake huko walikotoka: mfu hushonwa mifuko yote kabla ya kulazwa kwenye jeneza, asije akaondoka na bahati ya nyumba. Paraska akaomba sindano. Akashona mfuko wa koti, akashona wa suruali, akashona na kile kimfuko kidogo cha kizibao, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Ufunguo ulikuwa kwenye kizibao," alisema. "Nilishika sindano huku nalia. Sikupapasa. Nikamfungia bahati ya nyumba mfukoni kwa mkono wangu mwenyewe."

"Na wa akiba?"

"Wa akiba aliulima shambani mwaka juzi, pamoja na mbegu za ngano. Haukuota."

Lorne alitaka kucheka, akaona labda si vizuri, akanywa chai.

Mambo yasingekuwa mabaya kama ingekuwa gari tu. Orest, mtoto wao wa pekee, alikuwa na kazi yake Winnipeg. Baada ya misa ya mazishi alimketisha mama yake meza ile ile akamwambia: mama, baba ndiye aliyekuwa miguu yako. Duka liko mbali, daktari yuko mbali, kanisa liko mbali. Nimekutafutia chumba katika nyumba ya wazee huko Dauphin. Pasaka nitakuja na mtu anayetaka kununua shamba. Paraska akamwuliza, na nikiweza kuendesha mwenyewe? Orest akacheka. Kisha akaona mama hacheki.

"Akasema, haya mama, ukiweza kwenda mjini na kurudi peke yako, kwa leseni halali, mimi nitanyamaza." Paraska alichochea jiko. "Nimelima na trekta miaka yote. Nimezaa humu ndani. Siendi kukaa chumbani nikapewa uji na msichana anayeniita mpenzi. Kwa hiyo fundi, maliza chai."

Walipotoka nje, jirani alikuwa amefika na trekta kusukuma theluji. Huyu alikuwa Nestor Bodnar, mzee mwenye masharubu yaliyoganda, ambaye pia ndiye aliyetunza makaburi ya kanisa. Katika nchi ile ardhi huganda wakati wa baridi ikawa ngumu kama chuma, kwa hiyo majeneza husubiri ndani ya kibanda cha mawe makaburini mpaka mwezi wa tano. Onufry alikuwa humo. Ufunguo wa kibanda ulikuwa kwa Bodnar.

"Fundi!" Bodnar alipiga kelele juu ya mngurumo wa trekta. "Umekuja kuchonga ufunguo au umekuja kuposa?"

Masikio ya Lorne yakawa mekundu kuliko yalivyofanywa na baridi.

"Mwache, Nestor," Paraska alisema. "Huyu ana kazi. Si kama wengine."

"Mimi namwonea huruma tu. Kumtesa mtu barafuni, na ufunguo upo! Nafungua kibanda, tunainua kifuniko, mkasi kidogo, chap, imekwisha. Onufry mwenyewe angesema chukueni."

"Onufry hasemi kitu, na wewe unasema mno."

"Lakini Paraska..."

"Nestor, ile ndiyo kazi ya mwisho niliyomfanyia yule mzee. Siifumui kwa ajili ya gari. Ukiligusa lile jeneza, nitakushona wewe mdomo, na uzi ninao."

Bodnar akainua mikono juu kama aliyetekwa, akarudi kwenye theluji yake.

Lorne akainama kwenye swichi ya kuwashia, akaimulika. Kwa sauti ndogo akasema kwamba ipo njia ya haraka. Angeweza kutoboa ile swichi kwa keekee, akaitoa vipande vipande, akaweka nyingine.

"Kuvunja?" mama akauliza.

"Kuvunja, mama. Ni desturi."

"Mwanangu anataka kuvunja nyumba. Nestor anataka kuvunja jeneza. Na wewe unataka kuvunja gari. Hakuna mtu anayetaka kutengeneza?"

Njia nyingine ilikuwepo, na Lorne aliijua vizuri, ila ni ya subira na vidole vyepesi, na hapakuwa na vidole vyepesi katika baridi ile. Fundi huchukua ufunguo usio na meno, akauingiza, akaukaza kama anayetaka kuuzungusha, kisha akautoa na kuutazama kwa kioo cha kukuzia. Pale pini za ndani zilipouma, shaba huwa na alama ndogo mfano wa unyayo wa nzi. Hapo hupiga tupa kidogo sana. Anaurudisha, anakaza, anatoa, anatazama. Hivyo hivyo, mpaka kitasa chenyewe kimweleze umbo la ufunguo wake.

"Ipo njia," alisema hatimaye. "Itachukua muda."

"Mimi muda ninao. Pasaka ni Aprili."

Akaanza. Vidole vilikufa ganzi kabla hajapata alama ya kwanza. Mama Paraska akaingia ndani, akarudi na viazi viwili vilivyookwa, vya moto, amevitia katika soksi za marehemu. "Shika kimoja, kingine weka kwapani. Vikipoa nitaleta vingine. Hivyo vya kwanza utakula." Lorne akafanya kazi hivyo: tupa, kioo, kiazi, tupa, kioo, kiazi. Mafuta ndani ya swichi yalikuwa yameganda, na pini zilisogea kwa uvivu. Alama mbili zikatokea, zikawa tatu. Akakaza tena, safari hii kwa pupa kidogo, maana jua lilikuwa linashuka, na shaba ikakatika. Kipande kikabaki ndani.

Hakutamka neno. Bodnar, aliyekuwa amezima trekta ili atazame vizuri, ndiye aliyetamka, na neno lenyewe halikuwa la kanisani.

Lorne alikitoa kipande kwa sindano ya ndoano, taratibu, mpaka kikaja. Kisha akatafuta ukutani mwa gari lake ufunguo mwingine wa aina ile. Haukuwepo. Ule ulikuwa wa mwisho.

"Basi," Bodnar alisema kwa upole, na safari hii hakuwa anatania. "Paraska, mtu amejaribu. Hata Orest hawezi kusema hukujaribu."

Paraska alimgeukia Lorne. "Mjini ipo?"

"Ipo, mama. Lakini kesho wametangaza upepo mkali."

"Sikuuliza upepo. Nimeuliza kama utakuja."

Lorne alikuwa na wateja wengine, na alikuwa na sababu tosha za kusema hapana. Jioni ilikuwa inaingia, naye alikuwa anatafuta neno la kumwambia. Hapo akamwona mama anavuta waya kutoka ukuta wa ghala, anauchomeka mbele ya pikapu, ule waya wa kupashia injini joto ili isigande usiku. Gari lisilo na ufunguo.

"Unachomeka kila siku?" akauliza.

"Kila jioni. Siku likipata ufunguo, likute injini iko tayari."

"Nitakuja," Lorne akasema.

Alikuja. Upepo ulikuwa unapeperusha theluji barabarani hata asione mwisho wa gari lake mwenyewe, akaendesha akifuata nguzo za simu, moja baada ya nyingine. Alipofika, akakuta mama ametandika turubai juu ya pikapu na kulifunga kwa kamba, na ndani ameweka taa ya chemli ya kupashia swichi joto. Viazi vilikuwa tayari. Lorne akachukua ufunguo mpya, akaanza upya kabisa, na mara hii akajikataza pupa. Kila pini aliipa haki yake. Bodnar alikuja kwa miguu akasimama nje ya turubai akiuliza, "Bado?" na kila mara Paraska akamjibu, "Ukiuliza tena nitakuhesabia kodi ya kusimama."

Kisha swichi ikazunguka. Ilizunguka kimya tu, laini, kama mlango wa chumba unaofunguliwa na mtu wa nyumbani. Lorne alibaki ameushika ufunguo, haamini. Akateremka, akamwashiria mama apande yeye. Betri ilikuwa imechoka, akaunga nyaya kutoka kwenye gari lake. Paraska akazungusha. Injini ikakohoa, ikalalamika, ikakohoa tena, ikawaka, na moshi mweupe ukajaa chini ya turubai mpaka wote watatu wakatoka mbio wakikohoa na kucheka.

Paraska alimlipa, na juu ya malipo akampa sufuria ya majani ya kabeji yaliyofungiwa wali na nyama. Lorne alipokuwa anaondoka, akamshika mkono wa koti.

"Ufunguo ninao. Sasa nani atanifundisha?"

"Bwana Bodnar..."

"Nestor? Nestor ataongea mpaka tuingie mtaroni. Nataka mtu asiyesema."

Hivyo Lorne Flett, ambaye hakuwahi kumfundisha mtu kitu, akawa mwalimu. Kila alipopita upande ule kwa kazi zake alikata kona hadi kwa kina Hawryluk. Kwanza walikaa mezani na kile kitabu cha alama za barabarani, wakisoma kwa kidole, mama akitamka neno, Lorne akitamka linalofuata, kwa sababu wote wawili hawakuwa wepesi wa kusoma na hakuna aliyemwonea mwenziwe aibu. Mtihani wa maswali mama aliufanya kwa mdomo, akapita. Halafu wakaenda barabarani. Kwa vile Lorne hakuweza kumkemea mtu mzima, alibuni njia yake: alikuwa anagonga dashibodi kwa kidole. Akigonga mara moja, punguza mwendo. Akigonga mara mbili, simama. Akipiga kofi dashibodi nzima, basi kuna ng'ombe barabarani.

Machi ilipokwisha wakaenda Dauphin kufanya mtihani wa barabarani. Lorne alisubiri nje, amekunja kofia mikononi. Pikapu ikarudi polepole sana, polepole mno, na nyuma yake mlolongo wa magari. Mama akateremka ameuma midomo.

"Ameniangusha."

"Umegonga kitu?"

"Sijagonga hata jani. Amesema nakwenda kama mbele yangu kuna maiti. Amesema wanaonifuata wangefika mapema kwa miguu."

"Lakini siku zote unakwenda vizuri, mama."

"Siku zote wewe unagonga!" Akamtolea macho. "Nilikuwa nasubiri ugonge. Yule kijana hagongi. Nikawa sijui kama nakwenda sana au kidogo, basi nikaenda kidogo."

Lorne akatazama kidole chake. Njia nzima ya kurudi hakugonga. Kuanzia siku ile, kila walipotoka, aliikalia mikono yake, kila mkono chini ya paja lake, kama mtoto anayekatazwa kugusa keki. Mama akimtazama apate ishara, Lorne alitazama mashamba nje. Mwanzoni Paraska alimtukana kwa lugha ya kwao. Baadaye akaacha kumtazama. Baadaye tena akaanza kuimba.

Aprili theluji ikayeyuka, na barabara za udongo zikageuka tope zito jeusi linalovua mtu buti. Hilo nalo Paraska akajifunza. Lorne, kwa taabu kubwa, alimtolea sentensi nzima: "Tope halitaki mtu wa kusita, mama. Ukishaingia usisimame, hata akikuita padri." Alhamisi ile kabla ya Pasaka ya kwao mama akarudi Dauphin kufanya mtihani tena. Akatoka kwa mtahini. Alimwonyesha Lorne leseni, akaiweka ndani ya sidiria, akapanda pikapu. Lorne alimfuata kwa gari lake, akalazimika kukanyaga mafuta ili asiachwe.

Lakini leseni ni karatasi tu, na Orest alikuwa bado hajaona kitu kwa macho yake.

Jumamosi kuu akina mama hubeba vikapu hadi kanisani vikabarikiwe. Paraska alimwalika Lorne. "Umenifundisha, basi njoo ule mayai bure," alimwambia, na Lorne akaja, amevaa tai iliyomkaba. Kikapu kilikuwa na mkate mrefu wa mayai, soseji, siagi iliyochongwa mfano wa kondoo, na mayai yaliyochorwa kwa nta. Orest alikuwa amepiga simu kwamba anakuja kumchukua yeye mwenyewe, asithubutu kutoka. Saa ikafika, ikapita. Mama akavaa kitambaa chake cha maua.

"Kikapu hakimngoji mtu," akasema. "Twende."

Walipopita shamba la Bodnar wakaliona. Gari dogo la mjini, jeupe, au lililokuwa jeupe, limekwama kimshazari katikati ya barabara, tope limefika milangoni. Orest amesimama kando yake na viatu vya ngozi, suruali imejaa tope hadi magotini. Alipoiona pikapu ya baba yake inakuja, akaanza kupunga mikono yote miwili. Kisha akamwona nani yuko kwenye usukani, mikono ikabaki hewani.

"Mama! Simama!"

Lorne alikuwa amekalia mikono yake. Aliisikia ikimsihi. Akaikalia zaidi.

Paraska hakupunguza. Aliishika gia, akaiondoa pikapu kwenye nyayo za magari, akapita ukingoni kabisa, magurudumu yakirusha tope mbinguni, akapita baina ya gari la mwanawe na mtaro, kwa nafasi ya kupita paka.

"Siwezi!" alimpigia kelele kupitia dirishani, bila kugeuza kichwa. "Nikisimama hapa tutakuwa wawili!"

Aliendelea mpaka njia panda, penye kokoto, ardhi ngumu. Hapo akasimama, akaweka gia huru, akavuta breki ya mkono, akakunja mikono. Wakamsubiri Orest atembee. Ilichukua muda, maana kiatu kimoja kilibaki nyuma, ikabidi akirudie.

Alipofika dirishani alikuwa anahema.

"Mama, umenipita."

"Nimekupita."

"Mtoto wako wa pekee!"

"Ndiyo maana nakusubiri huku. Angekuwa Nestor ningekuwa nimeshafika kanisani. Panda. Shika kikapu, na usiguse kondoo."

Orest akapanda, Lorne akajisogeza katikati, akitamani kuwa mwembamba. Wakaenda. Mama alibadilisha gia, akakwepa shimo, akampisha mtu wa trekta, akawasha taa ya kugeukia ingawa barabara nzima haikuwa na mtu mwingine. Orest alikuwa anatazama mikono ya mama yake juu ya usukani. Alikuwa anaitazama kama ambaye hajawahi kuiona.

"Yule mnunuzi," alisema mwishowe, "nilimwambia aje Jumatatu."

"Mpigie simu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie barabara mbaya."

Lorne akacheka. Ilimtoka tu, kwa sauti, na Orest naye ikamshika, wakacheka wote wawili mpaka mayai yakagongana kikapuni.

"Nilisema nitanyamaza," Orest akasema, akijifuta macho.

"Basi nyamaza. Utamwaga siagi."

Mwezi wa tano ardhi ikalegea, Bodnar akafungua kibanda cha mawe, na Onufry akazikwa na mifuko yake ilivyoshonwa. Pikapu ilifuata nyuma ya gari la maiti, na wengine wote wakafuata nyuma ya pikapu.

Baada ya hapo Paraska Hawryluk aliendesha miaka mingi. Jumapili alipita nyumba kwa nyumba akikusanya wajane wasio na usafiri, na vijana wa kijiji wakaliita gari lile Basi la Mbinguni, kwa sababu ya abiria wake na kwa sababu ya mwendo wake, ambao sasa haukuwa wa kulalamikiwa kuwa mdogo. Macho yalipoanza kumdanganya, aliweka ufunguo mezani mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa amekwisha kuwafundisha wajane wenzake wawili kuendesha, naye hakuwapigia dashibodi hata mara moja, kwa hiyo hakukosa wa kumpitia. Chumba cha Dauphin hakukiona kamwe. Alikufa kitandani mwake, nyumba ile ile, baridi ya pili baada ya hapo, na Orest ndiye aliyempigia Lorne simu.

Mara ya mwisho Lorne kumwona ilikuwa Oktoba kabla ya baridi hiyo. Safari hiyo hakuwa na kitasa cha kutengeneza wala ufunguo wa kuchonga; alikuja tu, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa watu. Mama alikuwa anatoa mikate jikoni. Wakanywa chai, wakamsema Bodnar, wakasema mvua. Lorne alipoaga, akafungua mlango, akasimama kizingitini na kofia mkononi. Kulikuwa na kitu alichotaka kumwambia mama yule, kitu cha shukrani, nacho kilikuwa kimemjaa kifuani kwa miaka. Akafungua mdomo, akafumba. Upepo ukaingia, ukapeperusha unga mezani. Paraska alikuwa amempa mgongo, ameinamia jiko.

"Lorne," alisema bila kugeuka, "ama useme ama uende, lakini funga huo mlango. Sina kuni za kupashia moto Manitoba nzima."